Mauaji ya Kimbari: Somo Linalotuhusu Sisi Walei



Wapo wanaouliza kwa nini Tume ya Haki na Amani ijishughulishe na uchunguzi wa mauaji ya kimbari katika historia, jambo ambalo wao huliona kuwa la wasomi wa vyuo vikuu. Husema kwamba kufukua makaburi ni kuamsha chuki iliyolala, na kwamba yatosha kuwaombea marehemu. Sisi hatukubaliani nao.

Tuanze na neno lenyewe. Hadi mwaka 1944 uovu huu haukuwa na jina lake katika sheria. Aliyelibuni ni Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland, aliyeunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya uzao au kabila na neno la Kilatini la kuua. Tangu ujana wake alisumbuliwa na kesi ya mwaka 1921 mjini Berlin, ambamo Mwarmenia mmoja alishtakiwa kwa kumwua Talaat, kiongozi wa dola ya Waturuki wakati wa maangamizi ya Waarmenia yaliyoanza mwaka 1915. Imekuwaje, aliuliza Lemkin, kumwua mtu mmoja kuwe ni jinai, na kuliangamiza taifa zima kusiwe na sheria ya mataifa ya kulizuia?

Kiswahili kimelipokea neno hilo kwa njia mbili: wengine husema mauaji ya halaiki, wengine mauaji ya kimbari. Sisi tunapendelea la pili. Halaiki ni wingi wa watu. Mbari ni ukoo, watu wa uzao mmoja. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tarehe 9 Desemba 1948 hautaji idadi ya maiti. Unatazama kusudi la kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la taifa, kabila, rangi au dini, kwa sababu tu ndilo kundi hilo. Makundi ya kisiasa yaliachwa nje, na wasomi kama Leo Kuper waliulaumu mkataba kwa pengo hilo. Tunadhani walikuwa na haki.

Tutazame Namibia. Tarehe 2 Oktoba 1904 Jenerali Lothar von Trotha alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya Wajerumani, awe na silaha au asiwe nayo, apigwe risasi. Waliokimbilia jangwa la Omaheke walikufa kwa kiu. Wengine, pamoja na Wanama, walifia katika kambi kama ile ya Shark Island. Serikali ya Ujerumani ilikawia hadi mwaka 2021 kuyaita mauaji hayo kwa jina lake. Huku kwetu dola hiyohiyo ilichoma mashamba na maghala wakati wa vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, na wanahistoria wengine hukadiria waliokufa, wengi wao kwa njaa, kuwa hadi 300,000. Je, hayo nayo yalikuwa ya kimbari? Wasomi hawaafikiani, kwa kuwa kusudi ndilo jambo gumu kulithibitisha. Elimu hii basi ina faida mbili: inatukataza kulitumia neno zito kama tusi la kisiasa, na inatukataza vilevile kulikwepa pale linapostahili.

Tena inatufundisha kwamba panga huja mwishoni. Gregory Stanton, alipoandika mwaka 1996, alipanga hatua nane, na kuua ni ya saba. Ya nane ni kukana. Nchini Rwanda vitambulisho vyenye kutaja kabila vililetwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930. Baadaye sana Watutsi waliitwa mende, katika magazeti na redioni. Ilipofika Aprili 1994 kazi kubwa ya kuwavua utu ilikuwa imekwisha kufanyika.

Nasi Wakanisa tusijifiche nyuma ya Wabelgiji. Huko Nyange, Aprili 1994, Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani, na kanisa likabomolewa juu yao kwa tingatinga. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu padre wa parokia hiyo, Athanase Seromba, miaka 15 mwaka 2006. Rufaa ya mwaka 2008 ikampa kifungo cha maisha. Wauaji wengi walikuwa wamebatizwa, na wengi wa waliouawa pia. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na watu wake. Je, katekesi yetu ilikuwa imewafundisha nini watu wale kuhusu jirani? Swali hilo hatuwezi kuwaachia maprofesa.

Mahakama hiyohiyo, tarehe 2 Septemba 1998, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, ilikuwa ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hili, na ikaamua kwamba ubakaji nao waweza kuwa njia ya kuangamiza kundi. Ilifanya kazi katikati ya waamini wetu hadi mwisho wa mwaka 2015, lakini lugha zake rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Kwa hiyo tunawaomba walimu na wanasheria walioko parokiani wachague kurasa chache za hukumu hiyo, wazitafsiri, na kuzileta kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, zisomwe kwa sauti na kujadiliwa bila haraka.