Nyumba Tupu Si Akiba



Katika mji wetu wa Lubumbashi kuna mafundisho yanayoenea bila katekista wala mhubiri. Yanasema hivi: kazi huisha, biashara huanguka, faranga hupoteza thamani, lakini nyumba haishuki bei kamwe, kwa hiyo nunua kiwanja leo, hata kwa deni, kisha ungoje. Tunayasikia kwenye harusi na kwenye matanga, katika vikao vya likelemba na katika simu zetu. Sasa yamefika hata katika vikundi vya vijana. Komisyoneri huja na mchoro wa viwanja vilivyo kando ya mji, akashauri kikundi kiunganishe akiba yake ya miaka, kinunue viwanja viwili vitatu, kisha kiviuze bei itakapopanda. Hasemi ni nani atakayekaa pale. Anasema tu kwamba bei itapanda.

Napenda kutamka bila kuzunguka kwamba mafundisho hayo ni ya uongo. Kuwa na nyumba ya kukaa ni jambo jema, na mzazi anayejenga chumba kimoja kimoja ili watoto wake wasifukuzwe na mwenye nyumba anastahili heshima. Ninalolipinga ni kununua au kujenga bila kufikiri juu ya mkaaji, kwa tumaini kwamba kesho atatokea mtu wa kulipa zaidi. Hiyo si akiba, ni kamari.

Tuwatendee haki wazee wetu kwanza. Imani yao juu ya matofali haikuzuka bure. Mababu waliofanya kazi Union Minière walipewa nyumba kambini, na aliyepoteza kazi alipoteza na paa. Gécamines, iliyorithi migodi hiyo, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na uzalishaji wa kampuni ukaanguka pamoja nao. Ukaja uporaji wa mwaka 1991, kisha fedha ya Zaire ikawa karatasi tu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini katika mpango ulioitwa wa hiari, ulioungwa mkono na Benki ya Dunia. Mtu aliyeona mshahara, kampuni na fedha vikipotea mbele ya macho yake, kisha akaona ukuta wa jirani bado umesimama, ana haki ya kuamini ukuta. Lakini ukuta kusimama ni jambo moja, na ukuta kulisha watu ni jambo jingine.

Hebu tutazame mji wenyewe. Anayekwenda upande wa Golf hupita mbele ya majengo mapya yenye vioo, mageti ya chuma na matangi ya maji juu, na kwenye mageti hayo hukuta vibao vya «À LOUER» ambavyo jua limekwisha kuvififisha. Ndani yumo mlinzi peke yake. Anayekwenda Katuba au komini ya Kenya hukuta lupango moja lenye familia tatu au nne, bomba moja, choo kimoja, na vijana wanaolala sebuleni viti vikishasogezwa ukutani. Mmoja atasema mji una nyumba nyingi mno. Mwingine atasema mji una upungufu wa nyumba. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo kosa linapoonekana. Hatukujengea watu walioko. Tulimjengea mpangaji mmoja tu: mhandisi wa kigeni, kampuni ya madini, shirika la kimataifa, mtu anayelipa kwa dola na miezi mingi mbele. Kila mwenye fedha alimwona mpangaji huyo huyo, akamjengea nyumba ile ile, na hakuuliza wenzake wangapi wamekwisha kumjengea.

Na mpangaji huyo si wetu. Tangu Julai 2015, mkoa wa Katanga ulipogawanywa kuwa minne, Kolwezi ni makao makuu ya Lualaba, na shughuli nyingi za shaba na kobalti ziko huko. Migodi mikubwa huwalaza wafanyakazi wake katika kambi zake yenyewe. Mhandisi ambaye zamani hakuwa na budi kupanga Lubumbashi, leo anaweza kupita tu uwanja wa ndege wa Luano akaenda zake.

Isitoshe, bei ya nyumba zetu haiamuliwi hapa. Katikati ya mwaka 2008 tani moja ya shaba iliuzwa kwa zaidi ya dola 8,000. Desemba ya mwaka huo huo ilikuwa chini ya dola 3,000. Sababu kubwa ilikuwa nyumba. Kule Marekani benki ziliwakopesha watu fedha za kununua nyumba kwa imani ile ile kwamba bei haishuki. Iliposhuka, benki zikatikisika, viwanda vya dunia vikapunguza kazi, na shaba ikakosa wanunuzi. Hapa Katanga viwanda vingi vidogo vya kuyeyushia madini vilifungwa, na baadhi ya wenye viwanda wakatoroka bila kuwalipa wafanyakazi. Tazameni basi mnyororo huo: nyumba zilizoanguka bei katika miji ya mbali ziliwanyima watu kazi hapa. Shaba yetu huingia katika nyaya na mabomba ya nyumba za wengine. Wasipojenga, haiuziki vema. Isipouzika, wapangaji wa dola huondoka. Leo mnunuzi mkubwa wa shaba ni China, nchi ambayo nayo ilijenga kupita kiasi, hata kampuni kubwa ya ujenzi ya Evergrande ikashindwa kulipa madeni yake mwaka 2021, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Anayesema nyumba ya Lubumbashi haiwezi kushuka bei anadai, bila kujua, kwamba Beijing na London hazitakosea tena.

Wengine watajibu: mji unakua, watu wanaongezeka kila mwaka, nyumba zitajaa tu. Jibu hilo linachanganya haja na uwezo. Majirani zetu wa Angola walitufundisha tofauti yake. Mwaka 2011 ulizinduliwa mji mpya wa Kilamba, kilomita kama 30 kutoka Luanda, wenye majengo mamia ya fleti yaliyojengwa na kampuni ya China. Luanda ilikuwa na mamilioni ya watu waliobanana katika vibanda, lakini fleti ziliuzwa kwa zaidi ya dola 120,000, na kwa muda mrefu mji ule ulibaki karibu mtupu. Mwanzoni mwa 2013 serikali ilishusha bei ya fleti ndogo hadi dola 70,000 na kuruhusu malipo ya miaka mingi kwa riba ndogo. Watu wakapanga foleni, na Kilamba ikajaa. Nyumba zilikuwa zile zile, na watu wale wale. Kilichobadilika ni bei. Lakini kumbukeni kwamba hasara ile ilibebwa na serikali yenye mafuta. Je, mjane aliyejenga kwa malipo ya mwisho ya marehemu mumewe atabebwa na nani?

Tanzania nako, huko Kigamboni ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, uliingia katika mradi wa Dege wa kujenga nyumba zaidi ya 7,000. Kazi ilisimama mwaka 2016, na maghorofa yakabaki magofu mapya yakitazama bahari. Fedha zile zilikuwa makato ya mishahara ya wafanyakazi, yaani uzee wao. Wataalamu wenye ofisi, wahandisi na wanasheria walikosea hesabu. Kikundi cha vijana chenye mchoro wa komisyoneri kitapata wapi uhakika?

Tufanye hesabu yetu wenyewe. Tuseme mtu amejenga nyumba kwa dola 90,000 akitarajia kodi ya dola 1,000 kwa mwezi. Ikikaa na mpangaji miezi yote, fedha yake itarudi baada ya miaka saba na nusu. Lakini nyumba ikikaa tupu miezi mitano kila mwaka, na kodi ikashuka hadi 600 kwa sababu majirani nao wanamgombania mpangaji huyo huyo, kwa mwaka atapata dola 4,200. Sasa anahitaji zaidi ya miaka ishirini na mmoja, kabla ya kumlipa mlinzi, fundi wa paa na kodi ya serikali. Na kama alikopa, riba haingoji mpangaji.

Kuhusu kiwanja kitupu, hatari ni kubwa zaidi. Kwa sheria ya 20 Julai 1973, ardhi ya nchi hii ni mali ya Serikali. Raia hupewa konsesyoni, na hati yake ni cheti cha uandikishaji kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Karatasi ya muuzaji yenye mihuri mingi si cheti hicho. Ni nani asiyejua kiwanja kilichouzwa kwa watu wawili au watatu? Tena sheria inamtaka aliyepewa ardhi aiendeleze. Haikumpa ili aiache na majani akingoja bei. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Hadi hapa nimesema juu ya hasara. Lakini hata kama komisyoneri angesema kweli, hata kama bei ingepanda maradufu, swali lingebaki: inapanda juu ya mgongo wa nani? Kiwanja kinachonunuliwa ili kingoje kinamwondoa mtu ambaye angejenga chumba leo. Nyumba inayofungwa kwa sababu mwenyewe hataki kupunguza kodi inamfanya kijana wa kazi ndogo akae mbali, alipe teksibasi mara nne kwa siku, na kuahirisha ndoa kwa sababu hana pa kumpeleka mke. Sheria ya 31 Desemba 2015 juu ya upangaji inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu; wenye nyumba wangapi mjini wanaitii, na Wakristu wangapi miongoni mwao? Katika sura ya tano ya kitabu chake, nabii Isaya anawashutumu waliojilimbikizia nyumba na mashamba hata wengine wakakosa nafasi, na adhabu anayoitangaza ni kwamba majumba yao mazuri yatabaki bila mkaaji. Mwaka 1967, katika waraka wa Populorum Progressio, Papa Paulo VI alifundisha kwamba haki ya kumiliki mali si haki isiyo na mpaka, na kwamba hakuna aliye na ruhusa ya kujiwekea ziada wakati wengine wanakosa cha lazima. Mafundisho hayo hayakutolewa kwa ajili ya wazungu matajiri peke yao. Yanamhusu pia Mkristu mwenye kibao kilichofifia getini.

Basi tufanye nini? Kikundi chenye akiba kisiitoe kwa ajili ya kungoja bei. Fedha hiyo ikinunua cherehani, vifaa vya useremala, mashine ya kuchomelea au karo ya mafunzo, itazaa mapato hata shaba ikianguka, kwa sababu majirani watahitaji nguo, milango na madirisha daima. Anayetaka kujenga ajiulize kwanza jina la kazi ya atakayekaa: mwalimu, muuguzi, fundi, mwanafunzi wa chuo kikuu. Kisha aulize mtu wa namna hiyo anaweza kulipa kiasi gani kwa faranga, na ajenge kwa kipimo hicho. Vyumba viwili safi vyenye maji ambavyo havikai tupu hata mwezi mmoja ni mali kuliko jumba linalomlisha mlinzi tu. Na wazazi wetu walio na nyumba zilizofungwa, tuwaambie kwa heshima: Baba, Mama, punguzeni kodi, fungueni mlango. Kodi ndogo inayolipwa ni kubwa kuliko kodi kubwa inayosubiriwa.

Na komisyoneri atakaporudi na mchoro wake, msimfukuze. Mketisheni, mpeni maji, kisha mumwulize maswali matatu mbele ya kikundi chote: cheti cha uandikishaji kiko wapi, nani atakaa pale, na atalipa kwa mshahara gani? Akijibu yote matatu kwa ushahidi, mjadiliane naye. Akirudia tu kwamba bei itapanda, mrudishieni mchoro wake na mfunge kikao kwa sala, sanduku la akiba likiwa bado limejaa.