Malezi: Jalada la Mtoto wa Chekechea



Katika nyumba zetu nyingi, mtoto arudipo skuli ya chekechea huulizwa swali moja: "Umekuwa wa ngapi?" Kwa mtoto wa miaka minne au mitano swali hili twaliona halina faida. Mtoto wa umri huo haendi mwendo mmoja. Mwezi huu ulimi wake ni mwepesi na vidole vizito. Mwezi ujao mambo yakageuka. Mtihani wa siku moja humpima siku hiyo tu, na pengine humkuta ana usingizi.

Kwa hiyo walimu wa nchi nyingi hutumia jalada. Nalo ni mfuko wa mtoto mmoja, ambamo huwekwa tangu mwanzo wa mwaka michoro yake, majaribio yake ya kuandika, na maneno yake kama alivyoyasema. Huko New Zealand, ambako mtaala wa watoto wadogo uitwao Te Whāriki ulitolewa mwaka 1996, Bibi Margaret Carr alianzisha njia ya kuandika visa vifupi vya mtoto anavyojifunza. Nchini Kenya, mtaala wa umilisi ulioanza nchi nzima mwaka 2019 uliliingiza jalada katika madarasa ya awali.

Sisi jambo hili si geni kwetu. Chuoni, huyu yumo katika alifu, yule amefika juzuu ya Amma, na mwalimu humsikiliza kila mmoja peke yake. Mtoto haulizwi amempita nani. Huulizwa jana aliishia wapi.

Lakini jalada lina masharti. Kwanza, kila karatasi iwe na tarehe. Duara la Januari na mtu mwenye mikono na vidole wa Julai, bila ya tarehe, ni karatasi mbili tu. Pili, mwalimu aandike kwa ufupi alichokiona: mtoto alianzaje, na alisaidiwa wapi. Tatu, kazi iwe ya mtoto mwenyewe. Hapa ndipo sisi wazee tuharibupo. Wako wakeshao wakikata karatasi na kupaka rangi ili jalada la mwana wao lipendeze. Mwalimu akilisoma hilo atampa mtoto somo asiloliweza. Na mtoto naye atajua kuwa kazi ya mkono wake haitoshi.

Basi mwisho wa muhula, mzazi na aende skuli, akae na mwanawe, wafungue jalada tangu karatasi ya kwanza, amwache mtoto aeleze. La mtoto wa jirani asiliguse. Na akiona kwamba kwa miezi mingi mwanawe hajasogea, kama hatamki sawasawa au hashiki kalamu, amwulize mwalimu mapema, na ikibidi daktari. Faida kubwa ya jalada ni hiyo, kwani samaki hukunjwa angali mbichi.