Joka la Sinema na Watoto Wetu

Siku hizi watoto wa Bunia wanayajua majoka kuliko wanavyowajua majirani. Wanayaona katika vyumba vya sinema vya mitaani, kwa franka chache. Wanayaona katika simu za kaka zao. Joka linaruka, linatema moto, mji unateketea, na watoto wanapiga makofi.

Juu ya jambo hili zasikika sauti mbili. Ya kwanza yasema: "Sinema ya joka ni mlango wa shetani. Mtoto aliyeitazama amekwisha kuingizwa katika uchawi." Ya pili yasema: "Ah, ni picha tu, waacheni wacheke." Sisi twazikataa zote mbili.

Tuanze na sauti ya woga. Ni nani aliyewaonyesha Wakristu joka kwanza? Si sinema, ni Maandiko Matakatifu. Katika Kitabu cha Ufunuo, sura ya 12, twaona joka kubwa jekundu, lenye vichwa saba na pembe kumi, likimvizia Mwanamke ili limmeze mtoto wake. Mtakatifu Mikaeli na malaika zake wakapigana nalo, likatupwa chini. Katika Kitabu cha Danieli, sura ya 14, watu wa Babeli waliabudu joka. Danieli akapika lami, mafuta na nywele, akalilisha, likapasuka. Kwa karne nyingi picha ya Mtakatifu Georgi akilichoma joka kwa mkuki imetundikwa makanisani. Mama Kanisa hakulificha joka. Alilionyesha likishindwa.

Tena woga huu una sumu. Mtoto akiota ndoto mbaya baada ya sinema, hakosi mtu wa kusema: "Huyu ni mchawi." Twajua yanayofuata katika nchi yetu: mtoto ananyimwa chakula, anapigwa, anafukuzwa nyumbani. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kosa hilo. Mhubiri anayemtesa mtoto kwa sababu ya sinema ajiulize ni nani anayemvizia mtoto huyo: joka la picha, au yeye mwenyewe?

Sasa sauti ya usingizi. "Ni picha tu." La, hasha! Picha huufundisha moyo nani wa kumhurumia na nani wa kutomhurumia. Chukueni mchezo wa Kimarekani uitwao Game of Thrones, ulioonyeshwa toka mwaka 2011 mpaka 2019. Haufai watoto hata kidogo, maana umejaa uchi na ukatili. Ndani yake mna binti wa mfalme mwenye majoka. Kila alipowachoma adui zake watazamaji walifurahi, kwa kuwa adui wale walikuwa waovu kweli. Mwisho, mji ulikuwa umekwisha kusalimu amri, kengele zimelia, naye akauchoma pamoja na wanawake na watoto. Watazamaji wengi wakalalamika: "Amebadilikaje?" Lakini moto ulikuwa ule ule. Ni wao waliokwisha kuuzoea.

Je, watu wa Ituri wahitaji kuelezwa moto huo? Mwaka 2003 Bunia iliona watu wakiuawa na nyumba zikichomwa, na kila kundi lilidai kwamba haki iko upande wake. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda, waamini waliokuwa katika mkesha wa sala kwenye parokia ya Mwenye Heri Anuarite walivamiwa. Watu zaidi ya 30 wakafa, nyumba na maduka yakachomwa. Mtoto wa nchi hii akipiga makofi mji ukiwaka, hilo si jambo la kucheka.

Lakini sinema ya joka yaweza pia kusema kweli. J.R.R. Tolkien, Mkatoliki wa Uingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, alitoa kitabu chake The Hobbit mwaka 1937, nacho kikafanywa sinema tatu toka mwaka 2012 mpaka 2014. Mna joka liitwalo Smaug, limelalia chungu ya dhahabu. Halinunui kitu kwa dhahabu hiyo, wala halimgawii mtu; lakini likihisi kwamba imeguswa, linatoka na kuuchoma mji wa maskini kando yake. Sisi twalijua joka hilo! Dhahabu ya Kilo imechimbwa toka mwaka 1905, na mwaka 2005 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi makundi yenye silaha yalivyoua watu kwa ajili ya dhahabu ya Mongbwalu. Baba akimwuliza mwanawe, "Joka hilo umeliona wapi hapa kwetu?", amemfundisha katekisimu vizuri.

Basi tufanyeje? Papa Pio wa XI, katika barua yake Vigilanti cura ya mwaka 1936, aliwataka Wakristu wakeshe juu ya sinema. Hakuikataa sinema yenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliwakumbusha wazazi wajibu wao wa kulinda yanayoingia nyumbani. Na katika Kongo hii, miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst wa Shirika la Scheut alitengeneza huko Kasai sinema za Matamata na Pilipili, watu wakazicheka na kuzipenda. Hakusimama mlangoni akilaani.

Baba, mama, kaeni benchi moja na mtoto. Sinema ikiisha, muulizeni: Nani ameshinda? Ameshinda kwa njia gani? Nani amelia, na wewe ulimwonea huruma? Nasi wa parokia tufungue ukumbi wetu jioni moja kwa juma, tuchague sinema njema, kisha tuzungumze na vijana.

Danieli aliliua joka bila upanga wala rungu. Watoto wa Ituri wanahitaji kujua kwamba ushindi wa namna hiyo upo. Nani atawaambia, ikiwa kazi ya katekista tunamwachia mwenye chumba cha sinema?