Goti la Bandia na Mashahidi Wasiokubaliana

Mtu akirudi Katubuka, hapa Kigoma, kutoka Dar es Salaam, Mwanza au Moshi akiwa na goti au nyonga ya bandia, wanaokuja kumjulia hali hawaleti pole peke yake. Huleta na maelekezo. Maelekezo hayo mmeshayasikia, iwe kijiweni Mwanga, barazani Ujiji au kwenye zile sauti za WhatsApp zinazomfikia mgonjwa kabla hajashushwa garini. Sitayadharau kwa kuwa yametoka kijiweni, maana baadhi yana ukweli ndani yake. Nitaichukua hoja moja moja, niiseme kama wenyewe wanavyoisema, kisha niipime. Nyinyi wasomaji ndio mahakimu, na naomba kila mkimaliza hoja mrudi kwenye zilizotangulia mjiulize kama zinaweza kusimama pamoja.

Hoja ya kwanza: goti likiuma baada ya upasuaji, ujue mwili umelikataa. Msemaji ana mantiki yake. Mgonjwa alikwenda kwa sababu ya maumivu, amerudi na maumivu, sasa kilichobadilika ni nini? Kilichobadilika ni chanzo. Mwanzo goti liliuma kwa sababu gegedu limelika na mfupa unasaga mfupa. Sasa linauma kwa sababu daktari amepasua ngozi, amesogeza misuli, amekata ncha za mifupa na kuzivika chuma na plastiki. Yale ya zamani yalikuwa yanazidi mwaka hadi mwaka. Haya mapya yanatarajiwa kupungua wiki hadi wiki. Kwa wengi, wiki 2 za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, hasa usiku. Kufikia wiki ya 6 unafuu unaonekana, ingawa uvimbe na joto la goti huweza kubaki kwa miezi kadhaa, na ngozi ya pembeni mwa kovu ikawa na ganzi. Hayo yote hayajafikia kuitwa kushindwa.

Na hilo neno la kukataa limeazimwa kwenye figo. Figo iliyopandikizwa ni nyama hai ya mtu mwingine, na kinga ya mwili huitambua na kuishambulia. Chuma na plastiki si nyama ya mtu. Kiungo bandia hushindwa kwa njia nyingine: kuingia vijidudu, kulegea, kuchakaa, kuteguka au kuvunjika kwa mfupa unaokishika. Msemaji angetaja mojawapo ya hizo na dalili zake, tungemsikiliza. Haki yake nampa: takriban mtu 1 kati ya 5 waliobadilishiwa goti hubaki na maumivu ya kiasi fulani kwa muda mrefu, na kwa nyonga idadi ni ndogo zaidi. Mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo kabla hajatia saini ya upasuaji. Lakini hukumu hiyo hutolewa baada ya miezi. Anayeitoa siku ya nne anahukumu kesi ambayo haijasikilizwa.

Hoja ya pili: mgonjwa alale, asikanyage chini mpaka kidonda kikauke. Hii inapendwa kwa sababu inafanana na huruma, na imejengwa juu ya mfano wa mfupa uliovunjika na kufungwa hogo. Mfano wenyewe ndio mbovu. Mfupa uliovunjika unasubiri kuunga. Kiungo bandia mara nyingi hushikizwa kwa saruji ya kitabibu, na saruji hiyo hukauka mgonjwa akiwa bado juu ya meza ya upasuaji. Ndiyo maana hospitali humsimamisha mgonjwa siku hiyo hiyo au kesho yake, akiwa na fremu ya kutembelea au magongo, isipokuwa daktari awe ametoa agizo tofauti kwa sababu maalumu. Anayelala tu anajinunulia shida nne: damu kuganda kwenye mishipa ya mguu na pengine kusafiri hadi mapafuni, maambukizi ya kifua, misuli ya paja kunywea, na goti kukakamaa.

Tazameni huruma hiyo inavyofanya kazi. Jamaa wanamwekea mgonjwa mto chini ya goti, naye anapata nafuu kwa kuwa goti lililokunjwa kidogo huuma kidogo. Wiki chache baadaye mto unaondolewa na goti halinyooki, na mtu aliyetumia mamilioni ya shilingi anachechemea vilevile. Kinachotakiwa ni kinyume chake. Kanga iviringishwe iwekwe chini ya kisigino, goti libaki hewani, kisha mgonjwa alisukume kuelekea kitandani kwa nguvu ya paja, ashikilie kwa sekunde tano na kulegeza. Baada ya hapo aburute kisigino juu ya shuka kuelekea kwenye kalio, taratibu, mpaka pale anapokunja uso, apumue, aongeze kidogo. Mazoezi haya yanauma, na hakuna mtaalamu wa fiziotherapia anayedai vinginevyo. Shabaha ya wiki za mwanzo ni goti linyooke sawasawa na likunjike kufikia nyuzi 90, pembe ya mtu aliyeketi kitini. Likiachwa miezi mitatu bila kukunjwa, nyama ya kovu hushika, na wapo wanaorudishwa chumba cha upasuaji kulazwa usingizi ili goti likunjwe kwa nguvu.

Hoja ya tatu: dawa za maumivu zinaua figo na zinazoeleka, kwa hiyo azikwepe. Hapa msemaji ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayomwangusha. Ni kweli diklofenaki na brufen huweza kudhuru figo na kutoboa tumbo, hasa kwa mzee mwenye shinikizo la damu, kisukari au vidonda vya tumbo. Ni kweli pia dawa kali za jamii ya mofini na tramadol zinaweza kumfanya mtu mtumwa zikitumika ovyo, na hufunga choo na kuleta usingizi mzito. Ndiyo maana hutolewa kwa siku chache, kwa kipimo, kisha hupunguzwa. Lakini mfuateni huyo huyo anayeonya. Mgonjwa akilia usiku, atakwenda duka la dawa la jirani kumnunulia vidonge vya kuhesabu bila cheti, navyo mara nyingi ni diklofenaki. Asipovipata, ataleta dawa ya unga kwenye kipande cha gazeti, haina jina wala kipimo. Sumu, kwa hesabu yake, ni ile tu iliyoandikwa na daktari.

Kanuni zenyewe si ngumu. Parasetamoli ndiyo msingi, na kwa mtu mzima mwenye ini zima haizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Tahadhari iwe kwa vidonge vya mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli: anayevimeza pamoja na panado anaizidisha parasetamoli bila kujua. Dawa zinywewe kwa saa katika siku za mwanzo, bila kusubiri maumivu yapande kwanza, na kipimo kimoja kiangukie kama nusu saa hadi saa moja kabla ya mazoezi, kwa kuwa lengo la dawa ni kumwezesha mtu kukunja goti. Isitoshe, katika mfuko uleule wa hospitali kuna dawa ya kuzuia damu kuganda. Hiyo haitulizi maumivu hata kidogo, na ndiyo inayotupwa kwanza pale mgonjwa anapoambiwa aachane na madawa. Anayeiacha anajitoa kwenye kinga ya hatari kubwa kuliko zote za wiki hizo. Na anayeimeza pamoja na diklofenaki ya mtaani anajiongezea hatari ya kutokwa damu.

Hoja ya nne: mguu ukandwe kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa mawese. Kigoma ni nchi ya michikichi, na sina ugomvi na mawese yakiwa kwenye sufuria ya migebuka. Msemaji atasema bibi zetu walichuliwa wakapona. Walipona nini? Misuli iliyochoka, kifundo kilichoteguka, mgongo wa shamba. Hakuna bibi aliyechuliwa akiwa na chuma kilichowekwa juzi ndani ya goti, nyuma ya mshono wa siku chache. Moto huongeza damu inayokimbilia eneo lililovimba, na uvimbe ukizidi maumivu huzidi. Mafuta na mikono juu ya mshono ambao haujafunga hufungulia vijidudu njia, na vijidudu vikifika kwenye chuma haviondoki kwa vidonge tu: mara nyingi mtu hupasuliwa tena, na pengine kiungo chote huondolewa. Kuchua kigimbi chenye damu iliyoganda nako kunaweza kulisukuma bonge hilo. Kinachosaidia ni kinyume cha moto. Barafu ile ya mfuko inayouzwa dukani ifungwe ndani ya kanga, iwekwe kwa dakika 15 hadi 20, isiguse ngozi moja kwa moja wala kulowanisha mshono. Mguu mzima uinuliwe juu ya mto, kisigino kikitangulia, goti likiwa limenyooka. Nyuzi kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kabla ya hapo, mshono uwe mkavu na uachwe upumzike.

Na hapa irudieni hoja ya pili. Mguu usiguse hata sakafu, lakini uminywe na mikono miwili ya mchuaji asubuhi na jioni. Kama mguu ni dhaifu kiasi cha kutosimama, una nguvu gani za kuchuliwa?

Hoja ya tano: mtu mzima huvumilia, asilalamike. Wanawake huambiwa mbona mlizaa. Wanaume huambiwa wajikaze. Uvumilivu ni sifa, nakubali, na bila huo hakuna atakayemaliza mazoezi niliyoyaeleza. Lakini kuvumilia na kunyamaza ni mambo mawili. Aliyenyamaza kwa kubana meno hakunji goti, hupumua juu juu, halali, na asubuhi hana nguvu ya kusimama. Vilevile hoja hii inaivunja ya kwanza. Ikiwa maumivu ni ushahidi kwamba kiungo kimeharibika, basi kuyanyamazia ni kuficha ushahidi. Ikiwa ni jambo la kujikaza tu, basi hayathibitishi kwamba mwili umekataa. Msemaji achague moja.

Hoja ya sita: haya ni majaribio ya wazungu, kiungo hakidumu, na ukishawekewa hutasujudu wala kuchuchumaa tena. Majaribio? John Charnley alianza kuweka nyonga ya chuma na plastiki ya namna inayofanana na hizi za leo mwaka 1962 katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Nchini kwetu Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imekuwepo kwa sheria ya mwaka 1996 na hufanya upasuaji huu. Jirani zetu Malawi walianza kuweka daftari la taifa la viungo bandia mwaka 2005. Kuhusu kudumu, uchambuzi uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba magoti yaliyobadilishwa mazima kama asilimia 82 hufika miaka 25 bila kubadilishwa tena, na nyonga kama asilimia 58. Takwimu hizo zilitoka hasa Ufini na Australia, na ni halali kuuliza kama sisi tutafikia hapo. Lakini anayeuliza hivyo alete takwimu zake, na "nimesikia kuna mama mmoja" si takwimu.

Kuhusu kusujudu na choo, msemaji amegusa jambo zito, na hospitali nyingi hulipita haraka mno. Mwenye nyonga mpya, kwa kawaida katika wiki 6 hadi 12 za mwanzo, huambiwa asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asipishanishe miguu, asikae kwenye kigoda wala mkekani. Choo cha kuchuchumaa kwake ni mtego. Lakini dawa yake ni fundi na siku moja: kiti cha plastiki chenye miguu imara, kikatobolewa katikati na kusimamishwa juu ya tundu, na kamba au mbao ya kushikia ukutani. Ama ruhusa ya mgonjwa kuswali ameketi, hiyo anaijua hata mtoto wa madrasa. Haikungoja goti la bandia. Wapo watakaobaki wanaswali kitini, kwa kuwa kupiga magoti kwa goti bandia huwakera wengi. Walipokuwa na goti lililokwisha, walikuwa wanasujudu vizuri?

Iko hoja ya saba, fupi: nyuzi zikitoka upasuaji umekwisha, panda treni ukapumzike nyumbani. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na ina zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Kukaa umekunja goti kwa umbali huo wiki chache baada ya upasuaji ni kualika damu igande. Muulizeni daktari tarehe ya kusafiri, na njiani mgonjwa ainuke, atembee kwenye korido, achezeshe vifundo vya miguu. Akifika, kliniki haijaisha: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni ndiyo mahali pa kuanzia, akiwa na karatasi zake zote za upasuaji mkononi.

Sasa wapangeni mashahidi hawa mstari mmoja. Mmoja anasema maumivu ni kushindwa, mwenzake anasema ni ya kunyamaziwa. Mmoja anasema mguu usiguse chini, mwenzake anataka uchuliwe. Mmoja anahofia figo, kisha anabeba diklofenaki mfukoni. Ushahidi unaojipinga hivi haumfungi mtu, na haupaswi kumfunga mgonjwa kitandani.

Hukumu ninayowaombeni ni hii. Maumivu ya wiki za mwanzo yapimwe kwa mwelekeo wake, yatulizwe kwa dawa iliyoandikwa, na yatumiwe kwa mazoezi kila siku. Lakini yapo mambo ambayo hayasubiri barafu wala baraza: kigimbi kuvimba na kuuma ghafla, kukosa pumzi au kifua kuchoma, mshono kutoa usaha au majimaji yasiyokoma, homa inayopanda, mguu wa nyonga mpya kuonekana mfupi au umegeuka, au maumivu yaliyokuwa yanashuka kuanza kupanda tena. Ukiona mojawapo, mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na wanaojulia hali watamkuta huko.