Kogo Hayuko Kwa Hesabu

Wasee, leo naongea kuhusu saratani na kaunti, na nitaanza na karatasi moja.

Nyanyangu alizikwa Bomet mwaka juzi. Kwetu tunamwita kogo. Mtu akifia nyumbani, naibu wa chifu ndiye huandika kifo, na kuna mahali pa kujaza kilichomuua. Kwa kogo imeandikwa "tumbo".

Tumbo! Huyu ni mtu ambaye kwa miezi saba alianza kwa kushindwa na ugali, akahamia uji, na mwisho hata maji yakawa yanarudi. Daktari alikuwa ameshamwangalia, akakata kipande kidogo cha nyama kikapelekwa maabara, na majibu yakarudi: saratani ya umio. Hayo majibu yako ndani ya bahasha ya kaki kwa kabati ya mathe, Kayole. Lakini siku ya kuandikisha, bahasha ilikuwa Nairobi na mjomba alikuwa kwa chifu. Hema zishalipiwa, watu wako njiani, anataka kibali cha mazishi haraka. Akaulizwa mzee alikuwa anaumwa na nini, akasema tumbo. Simlaumu, hata mimi ningesema tu hivyo.

Sasa kila baada ya muda kuna ramani huzunguka kwa magrupu ya WhatsApp, kaunti zimepakwa rangi, nyekundu ni saratani nyingi. Watu wanaanza. Meru ni miraa na dawa za shamba. Bomet ni mursik na chai. Watu wa Nyeri wanaambiwa ni nyama choma. Kila mtu ni profesa. Swali langu ni dogo: hiyo rangi ilitoka wapi, ikiwa kogo hayuko ndani?

Wacha tuanze na namba za nchi nzima. Vifo 27,092 mwaka 2020, na vifo 29,317 mwaka 2022. Hakuna mtu alizunguka Kenya akihesabu makaburi ndio azipate. Ni makadirio ya IARC, shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani lililoko Lyon, Ufaransa, na kwa miaka mingi yameegemea sana rejista mbili: ya Eldoret iliyoanza 1999, na ya Nairobi iliyoanza 2001. Kaunti ziko 47. Kwa hivyo hiyo "wastani ya kitaifa" tunayojipima nayo ni kama picha ya miji miwili iliyonyoshwa mpaka ifunike Turkana na Lamu.

Na ukitaka kujua vile huo msingi unatikisika, angalia mwenendo. Makadirio ya 2018 yalikuwa vifo 32,987. Miaka miwili baadaye, 27,092. Yaani vifo karibu elfu sita vilipotea? Manze, hapana. Njia ya kukadiria na data iliyotumika hubadilika, na IARC wenyewe huonya watu wasichukue toleo moja wakalilinganisha na lingine kana kwamba ni mwenendo. Lakini sisi hulinganisha tu. Mwanasiasa akitaka kusema tunashinda vita anachukua 2018 na 2020. Akitaka bajeti, anachukua 2020 na 2022. Wote wawili wana namba, na hakuna hata mmoja anayedanganya kabisa.

Sasa njoo Bomet. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 875,689 hapo, na Kenya nzima milioni 47.6. Ukigawa vile vifo vya 2020 kwa hiyo sensa unapata kama 57 kwa kila watu 100,000. Ni hesabu ya mtaani lakini inatosha. Maana yake, kama Bomet ingekuwa kaunti ya kawaida tu, watu karibu 500 wangekuwa wanakufa na saratani kila mwaka. Zaidi ya mmoja kila siku. Nataka kuona rejista ya kaunti iliyo na hao 500, ndio tuseme kama wamezidi au wamepungua. Kitabu cha kina kogo kimejaa "tumbo", "kifua" na "uzee".

Halafu kuna wale waliofia mbali. Kifo huandikishwa pale kilipotokea. Mnakumbuka Julai 2019? Ndani ya mwezi mmoja tulimpoteza Bob Collymore wa Safaricom, Ken Okoth mbunge wa Kibra, na Joyce Laboso, gavana wa Bomet, wote kwa saratani. Laboso alifia Nairobi. Gavana mwenyewe wa Bomet! Mtu akichora ramani kwa kufuata mahali pa kifo bila kuangalia makao, hata huyo anaenda kwa hesabu ya Nairobi. Sasa fikiria mwalimu wa Sotik au mchuna chai wa Konoin aliyepelekwa Eldoret au Nairobi kutafuta matibabu akakata roho huko.

Umri nao usisahau. Nyeri iko na wazee wengi kuliko Mandera, na saratani hupenda wazee, kwa hivyo bila kusawazisha umri Nyeri itaonekana imelaaniwa tu.

Najua kuna mtu ameshaanza kunijibu: kwa hivyo unasema Bomet hakuna shida? Hapana. Shida iko, na ni kubwa. Madaktari wa hospitali ya Tenwek wameandika kwa miaka kuhusu saratani ya umio, hadi kwa vijana ambao hawajafika miaka 30, kitu ambacho ni nadra sana sehemu nyingine za dunia. Na magharibi mwa Kenya iko ndani ya ukanda wa ugonjwa huo unaotoka Ethiopia ukishuka hadi Afrika Kusini. Hapo ndipo wastani hunikasirisha zaidi, juu inachanganya saratani zote kwa sufuria moja. Uvimbe wa titi ukipatikana mapema, mama anaweza kuishi miaka mingi. Umio husema ukiwa umechelewa, wakati chakula kimeshaanza kukwama, na wengi wanaogunduliwa hufa haraka. Kaunti mbili zinaweza kuwa na wagonjwa sawa kabisa, lakini moja ikazika mara mbili ya nyingine, kwa sababu tu ya aina ya saratani iliyo nayo. Wastani haitakuambia hivyo. Itakuambia "nyekundu".

Na chai? Mwaka 2016 IARC walisema vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda vinasababisha saratani ya umio. Shida ni moto, sio majani. Hata hivyo chai peke yake haiwezi kueleza kijana wa miaka 25. Ndio maana nataka hesabu ya kweli, ya kila kaunti, na aina ya saratani, na umri, na mahali mtu aliishi. Sheria ya saratani tunayo tangu 2012. Kinachokosekana ni karani, kompyuta na mtu wa kumuuliza mjomba swali la pili.

Kwa sasa, mimi nimepiga picha ile bahasha ya kaki na kuituma kwa grupu ya familia. Kama kwenu kuna mgonjwa, fanya hivyo leo, kila karatasi ya maabara, ili yeyote atakayesimama kwa chifu awe nayo kwa simu. Desemba nilienda kwa naibu wa chifu kuuliza kama "tumbo" inaweza kubadilishwa. Alinisikiliza vizuri, akasema niende kwa msajili wa vifo na majibu ya hospitali. Nitaenda.

Lakini kwanza kuna mjomba, yule yule. Ameanza kulalamika ugali unakwama, na chai yake bado anaitaka ikitoa moshi. Jumanne nampeleka akaangaliwe koo kwa kamera.