Bega la mama mbebaji haliponi kwa sindano peke yake

Kila asubuhi, kwenye njia zinazopanda kuelekea soko la Kadutu mjini Bukavu, akina mama hupita wameinama, mfuko wa unga au wa makala mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso. Wanapolalamika kwamba bega linauma, jibu wanalopewa mara nyingi ni moja: nenda famasi, uchomwe sindano, kesho urudi kazini.

Jibu hilo halitoshi. Maumivu yanayoshuka kutoka shingoni na begani hadi mkononi, pamoja na ganzi au vidole kuchomachoma, mara nyingi si ugonjwa wa bega lenyewe. Mishipa ya fahamu ya mkono hutoka kati ya mifupa ya shingo. Ikibanwa pale, bega na mkono ndivyo vinavyolia. Diclofenac inaweza kupunguza maumivu, lakini haipunguzi uzito wa mfuko. Ikitumiwa siku nyingi bila daktari kujua, huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Kuichanganya na ibuprofen huongeza hatari hiyo. Kukunjwa shingo kwa nguvu nako kunaweza kuzidisha madhara.

Wagonjwa wengi hupata nafuu bila kupasuliwa, katika wiki kadhaa au miezi michache. Kinachotakiwa ni kuacha mzigo mzito kwa muda, bila kushinda kitandani: kutembea, kuweka kitambaa cha joto begani, kulala shingo ikiwa imenyooka, na kufanya mazoezi mepesi yanayoonyeshwa na mtaalamu.

Lakini mama ambaye asipobeba leo watoto hawali, ataachaje mzigo? Kumwambia apumzike bila kumuonyesha atakula nini ni kumdhihaki. Ndiyo maana uponyaji wake hauwezi kuachiwa daktari peke yake. Wenye mali wanaweza kugawa mfuko mmoja mara mbili na kulipa safari zote mbili. Wabebaji wenyewe, ambao wengi hucheza likelemba, wanaweza kutenga sehemu ndogo kwa mwenzao aliye mgonjwa. Nao viongozi wanaotoza kodi sokoni wana deni la kutengeneza njia ambazo mkokoteni unaweza kupita.

Kuna dalili zisizongoja. Mkono ukipoteza nguvu hata kikombe kinaanguka, miguu ikilegea, mkojo ukishindikana kuzuiwa, au maumivu yakija na homa na kukonda, ni lazima kwenda hospitali mara moja. Kifua kikuu nacho huweza kushambulia mifupa ya mgongo, na sindano ya famasi huficha tu maumivu wakati ugonjwa unaendelea.

Mji mzima unakula kwa migongo ya akina mama hawa. Siku mkono wa mmoja wao unapokufa ganzi, si haki abaki na maumivu yake peke yake.