Si kila nafaka ni ya kupigwa nyundo

Wasee wa kufuga kuku, tuongee. Posho mill nyingi za mtaa zina nyundo ndani. Zinagonga mahindi mpaka yatoshee kwa tundu za chujio. Ukitaka chenga badala ya unga, lazima mashine izimwe chujio libadilishwe, na bado vumbi ni mob. Kuku wanachagua chenga, vumbi linabaki, na ulilipia kilo nzima.

Mashine ya rola mbili haigongi. Punje inapita katikati, na nafasi unaiamua wewe kwa kusogeza rola moja. Rola moja ikizunguka haraka kuliko nyenzake, punje inararuliwa, haifinywi tu. Unga laini wa ugali? Hapo nyundo zibaki, rola mbili kwa mpito mmoja hazifiki huko.

Mafundi wa jua kali pale Kamukunji wanaunda majiko na masanduku kila siku. Fremu ya hii kitu haiwezi kuwashinda. Kazi ni rola: ziwe duara kamili, zilale sambamba. Kwa hivyo changeni, mtengenezewe moja ya kikundi. Fundi akileta yenye skrubu ya kurekebisha upande mmoja tu, mrudishie. Huku itabana, kule mahindi yatapita mazima.